Mzee Hajui Bei, Mnunuzi Hajaliona Gari

Land Rover iliyouzwa Uyole, Mbeya, miaka ya nyuma iliuzwa mbele ya watu wanaoijua. Fundi aliyeshusha gia boksi yake mwaka juzi alikuwa anakaa mtaa wa pili. Kondakta aliyening'inia nyuma yake ikishusha viazi kutoka Isyonje alikuwa hai, na akiulizwa anasema. Mnunuzi alikuja na fundi wake, wakaiwasha ikiwa baridi, wakaipandisha Mlima Nyoka na kurudi, wakanywa chai na mwenye gari, ndipo wakaanza kutajiana bei. Ukimficha mwenzako ubovu, wiki inayofuata mnakutana msibani.

Leo gari hilohilo linauzwa kwa picha nane na video ya sekunde ishirini. Mnunuzi yuko Dar es Salaam, Arusha au Dodoma. Hajawahi kufika Uyole, hajui kwamba hapa ndipo barabara ya Tukuyu na Kyela inapoachana na barabara kuu ya Zambia, na wala hajali. Anataka Land Rover 110 ya zamani yenye bodi nzima, ameiona kwenye simu, ameipenda, na pesa anayo. Mwenye gari naye yuko huko juu Kikondo, simu yake ni ya tochi, na gari limesimama chini ya mti tangu pampu ilipokufa. Kati yao yupo mtu mmoja anayewajua wote wawili. Huyo ndiye ninayetaka kuzungumza naye leo, ingawa wengine nao nitawafikia.

Tuanze na bei, maana ndiyo iliyoleta yote haya. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, na bodi yake ikatengenezwa kwa alumini kwa sababu Uingereza ya baada ya vita chuma kilikuwa cha mgawo. Umbo hilo la kale liliendelea kutengenezwa, likibadilishwa hapa na pale, mpaka gari la mwisho lilipotoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016. Tangu siku ile idadi yake duniani inapungua tu. Marekani nako gari lililotimiza miaka 25 linaruhusiwa kuingia nchini bila kudaiwa masharti ya usalama ya magari mapya, kwa hiyo kila mwaka unaoanza unafungua mlango kwa magari ya mwaka mwingine, na wapenzi wa huko wanayafuata Ulaya na kwingineko. Hali hiyo imeigusa hata Toyota Chaser na Mark II zile za turbo za mwisho wa miaka ya 90, ambazo vijana wetu walikuwa wakiziona za kawaida kwenye mitandao ya wauzaji wa Japani. Halafu Oktoba 2024 Arusha ikafanya tamasha kubwa la Land Rover, msururu wa magari ukapita mjini, na picha zikafika kila kijiji chenye mtandao.

Nyanda za Juu Kusini magari haya yapo kwa sababu zake. Mengi yalikuwa ya serikali, ya misheni, ya mashamba ya chai ya Rungwe na Mufindi. Yalipochoka yakapigwa mnada, wananchi wakayanunua, yakaanza maisha ya pili ya kubeba watu, mbolea na viazi mahali ambapo basi halifiki. Aliyewahi kupanda kona 57 kutoka Chimala kwenda Matamba wakati wa masika anajua kwa nini watu waliyatunza. Kwa mzee wa huku gari hili ni chombo cha kazi. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu mjini atalitaka kwa ajili ya kulipaka rangi upya na kutembelea nalo Jumapili.

Sasa tuseme kijana wa Uyole, dalali, anapanda Kikondo. Anamkuta mzee, anamwamkia kwa heshima zote, anaketi. Mzee anasema gari lipo, ila limelala, na kama atapatikana mtu wa kutoa milioni nne atashukuru, kuna mjukuu anadaiwa ada. Kijana anapiga picha, anarudi mjini kunakoshika mtandao, anaandika "ipo vizuri, bodi haijaguswa, bei ni maelewano," na kabla ya jioni mtu wa Dar ameahidi milioni kumi na moja. Kesho yake kijana anampelekea mzee milioni nne zake, na mzee anamshukuru kweli, anampa na gunia la viazi. Milioni saba ni cha juu.

Takwimu hizo nimezipanga mimi ili tuone vizuri, lakini anayefanya kazi ya udalali anajua habari yenyewe siyo ya kubuni. Na anajua jibu linalotolewa: mzee amepata alichotaka, mnunuzi amepata alichotaka, nani ameumia? Wengine wanaongeza ule msemo wetu, asiyekuwapo na lake halipo.

Nami nasema mzee ameumia, hata kama hajui. Dalali anastahili malipo, sina shaka na hilo. Amepanda mlima kwa nauli yake, amenunua bando, amepokea simu hamsini za watu wasionunua, anajua nani mwenye pesa na nani mpiga soga. Hiyo ni kazi, na kazi ina ujira. Milioni saba, hata hivyo, hazikutokana na kupanda mlima. Zimetokana na mzee kutojua. Mtu aliyekukaribisha kwake, akakueleza na shida ya ada ya mjukuu, amekufungulia moyo akidhani umekuja kumsaidia, na wewe umeitumia imani hiyo kama mtaji.

Jambo hili si geni. Waislamu wanasoma kwamba Mtume Muhammad aliwakataza wafanyabiashara kuutangulia msafara njiani na kununua bidhaa kabla wenye mali hawajafika sokoni wakajua bei. Na akitokea aliyefanya hivyo, mwenye mali akifika sokoni ana hiari ya kuivunja biashara. Kupanda Kikondo na simu yenye bei za Dar mfukoni, ukanyamaza, ni kuutangulia msafara. Imesimuliwa pia habari ya sahaba Jarir bin Abdullah, ambaye mtumishi wake alipatana kumnunulia farasi kwa dirhamu 300. Jarir alipomwona farasi akamwambia mwenyewe kwamba mnyama huyu ana thamani zaidi, akaipandisha bei yeye mnunuzi, mia baada ya mia, mpaka akalipa 800. Alipoulizwa sababu alisema aliwahi kumwahidi Mtume kumtakia mema kila Mwislamu. Wakristo nao wanaye yule mnunuzi wa kitabu cha Mithali, anayesimama mbele ya mali akiiponda kwamba ni mbovu, kisha akishaondoka anajisifu njiani kwa alichopata. Huyo tunamwona kila wiki: anapiga teke tairi, anatikisa kichwa, anamwambia mzee hili ni chuma chakavu, na kabla hajafika Igawilo ameshaweka picha zake mtandaoni na maneno matamu.

Simdai dalali wa Uyole awe Jarir. Namdai jambo dogo zaidi, na naamini linawezekana bila yeye kulala njaa. Kabla hujapiga picha, chagua wewe ni nani katika biashara hii, na umwambie mzee. Ukiwa mnunuzi, nunua kwa pesa yako, beba hasara na faida yako, lakini mzee akikuuliza magari haya siku hizi yanakwendaje, usimdanganye. Mwambie kwamba mjini yanatakiwa na bei imepanda, kisha mpatane. Ukiwa wakala, mtu aliyetumwa kuuza, basi bei yote ni ya aliyekutuma na wewe una fungu lako mliloahidiana mapema. Hapo cha juu cha siri ni mali ya mwenzio iliyokaa mfukoni mwako. Sheria yetu ya mikataba, Sura ya 345, nayo inamchukulia wakala kama mtu aliyebeba dhamana ya aliyemtuma. Ugonjwa wa udalali wetu ni kuwa wakala mdomoni na mnunuzi moyoni, kumwambia mzee "nakutafutia mteja" huku umeshajiweka wewe mwenyewe katikati.

Fungu lenyewe litajwe kwa shilingi au kwa asilimia, na litajwe mbele ya mtu wa tatu, mke wa mzee akiwepo ni vizuri zaidi. Nimeona wazee wakikubali fungu kubwa kuliko nilivyotarajia walipoelezwa ukweli. Kinachowachoma ni kuja kusikia baadaye, kutoka kwa kijana mwingine mwenye simu, kwamba gari lao liliuzwa mara tatu ya walichopewa.

Kuna nyumba ambazo dalali ni mtoto wa ndani, na hapo nasaha inakuwa chungu. Kijana anayesoma mjini anajua bei, baba hajui. Baba anasema, "Mwanangu, wewe unaelewa haya mambo ya mitandao, niuzie." Kijana anauza, anampa baba sehemu, nyingine anaiita gharama. Mwanangu, gari hilo ndilo lililokupeleka shule. Mpe baba yako simu aongee na mnunuzi mwenyewe, asikie bei kwa masikio yake. Akishazipata pesa zote akakukatia kipande, utakula kwa amani.

Upande wa pili yupo mnunuzi wa mbali. Yeye bei anaijua, ila gari halijui. Na gari la Land Rover linadanganya sana kwa picha, kwa sababu ileile ya alumini. Bodi haili kutu kama bati la chuma, kwa hiyo gari la miaka arobaini linaweza kung'aa likioshwa. Chesesi iliyo chini yake ni ya chuma, nayo huoza kuanzia ndani, pale tope la masika linapojikusanya na kukaa. Picha za mtandaoni zinapigwa kwa juu. Chini panapakwa rangi nyeusi au lami, siku moja kabla.

Niliwahi kusimama gereji moja hapa Uyole nikamtazama fundi akilikagua gari la namna hiyo kwa niaba ya mtu wa Dar. Alitandika boksi la karatasi, akalala chali, akachukua nyundo ndogo. Alianzia mbele, kwenye vishikio vya springi, akawa anagonga polepole kuelekea nyuma, sikio lake karibu na chuma. Mlio ulikuwa mkavu, unajibu. Alipofika nyuma ya tairi la kushoto ukabadilika, ukawa kama wa kugonga udongo. Hakusema kitu. Alichukua bisibisi akaisukuma mahali palepale, ikaingia mpaka kwenye mpini, na unga wa kutu ukamwangukia shingoni. Rangi nyeusi ya pale juu ilikuwa bado inanuka. Mwenye gari akainama akamwambia kwa sauti ya chini, "Fundi, hebu toka kwanza tuongee." Fundi alitoa simu, akairekodi ile bisibisi ikiingia na kutoka, akaituma kwanza, ndipo akatoka chini ya gari. Mwenye gari alikasirika, akatukana kidogo, kisha biashara ikafanyika kwa bei ya chini yenye hesabu ya kuchomelea chesesi ndani yake. Mtu wa Dar alilitaka gari hata na tundu lake, alichohitaji ni kujua lipo.

Mpangilio wa vitendo wa yule fundi ndio ninaotaka mafundi wote wauangalie. Alituma kwanza, kisha akazungumza. Angetoka kwanza, angezungumza, na mazungumzo yale yana bei yake. Fundi anayelipwa na mnunuzi aende akakague, halafu akapokea na cha muuzaji ili anyamaze, amefanya kosa zito kuliko la dalali. Dalali kila mtu anajua anatafuta faida na anajilinda naye. Fundi ndiye macho ya mtu aliye kilomita mia nane, aliyemwamini kwa sababu hana njia nyingine. Nasema haya kwa mafundi wetu nikijua elfu hamsini ya ukaguzi ni ndogo kwa kazi ya nusu siku. Basi ombeni laki, ombeni zaidi, na kazi yenu iwe ya upande mmoja.

Wapo wanaouliza muuzaji ana wajibu gani wa kujitangazia ubovu wakati mnunuzi ni mtu mzima. Mnunuzi akiwa mbele ya gari, macho yake ni ulinzi wake. Akiwa mbali, umemnyang'anya ulinzi huo kwa kukubali kumuuzia kwa picha, na kwa hiyo umeubeba wewe. Kila kitu ambacho angekiona mwenyewe kama angekuwa Uyole, unalazimika kumwonyesha. Piga picha chini. Rekodi injini ikiwashwa alfajiri, ikiwa baridi, na mkono wako uwekwe juu ya boneti kabla ya kuwasha, kwa maana injini iliyokwisha kupashwa moto inaficha stata iliyochoka, nozeli mbovu na moshi wa asubuhi. Mwambie kama injini ni ya kupandikizwa. Magari mengi ya huku yameng'olewa injini zao za asili yakawekewa za Toyota au Isuzu, na si dhambi, yalitakiwa yafanye kazi. Lakini namba ya injini iliyoandikwa kwenye kadi ya gari haitalingana na iliyomo, na mnunuzi atayakuta hayo siku ya kukaguliwa, mbele ya polisi, wakati wewe umeshabadilisha laini.

Watanzania tunalifahamu jambo hili kuliko tunavyodhani. Maelfu wamenunua magari Japani bila kukanyaga Japani, na hulala usingizi kwa sababu ya karatasi moja ya mnada. Kwenye karatasi ile mkaguzi anachora gari, anaandika A penye mkwaruzo, U palipobonyea, W palipopigwa rangi, S penye kutu, X panapohitaji kubadilishwa, na gari lililowahi kupata ajali likatengenezwa linapewa alama R. Mkaguzi yule hamjui mnunuzi wa Mbeya na hatamjua kamwe. Bado anamwandikia kwamba mlango wa kushoto umebonyea. Hata minada ya Marekani ya mtandaoni inayouza magari ya wapenzi, kama Bring a Trailer, ilijijengea jina kwa wauzaji kuweka picha nyingi za chini ya gari na video za kuwasha injini, kwa sababu mnunuzi wa mbali hatoi pesa nzuri kwa asichokiona. Kinachonisikitisha ni kwamba kijana wa hapa akipewa karatasi ya mgeni wa Yokohama anaiamini, na akipewa neno la ndugu yake wa Uyole analitafutia shahidi. Hatukuzaliwa waongo kuliko Wajapani. Tumezoea tu kwamba ubovu ni kitu cha kugunduliwa na mwenye kununua, na hatujawahi kuuandika. Karatasi ya daftari inatosha: chora gari, tia alama, sahihi ya mwenye gari na ya fundi, piga picha, tuma.

Mnunuzi nawe usikae ukajiona mtakatifu kwa sababu unaogopa kutapeliwa. Pesa yako imekuja na tabia zake. Unamwambia mzee "nishikie, nakuja Jumamosi," na unawaambia hivyo wazee watatu, wa Uyole, wa Makambako na wa Mafinga. Wawili wanafukuza wateja wao kwa ajili ya neno lako, Jumamosi inapita, simu hupokei. Ukimwambia mtu umebadili nia, utampotezea dakika moja. Ukinyamaza unampotezea mwezi. Na ile salamu ya "bei ya mwisho?" inayotumwa kwa mtu mwenye umri wa baba yako, bila shikamoo, bila hata jina lako, iache. Huku mtu akiuza gari alilokaa nalo miaka ishirini anataka kujua analimuuzia nani.

Hilo la "nani" lina uzito wake. Wapo wanunuzi wanaochukua Land Rover nzima kwa ajili ya kuichinja. Milango inakwenda kwa mmoja, gia boksi kwa mwingine, bodi ya nyuma kwa wa tatu, na jumla ya vipande inazidi bei ya gari. Kuchinja gari si haramu, mafundi wanaishi kwa spea na magari mengine yanafufuka kwa vipande hivyo. Kosa linaanza pale unapomwambia mzee kwamba utalitunza, kwamba utampigia picha likishapakwa rangi, kwa kuwa umeona ameshika usukani kwa huruma na unajua maneno hayo yatamlainisha apunguze laki tatu. Mwambie unanunua spea. Huenda akakubali, huenda akakataa. Gari ni lake.

Yupo pia mtu ambaye haonekani kwenye simu kabisa: mkulima wa Isyonje au Matamba anayehitaji Land Rover leo kwa kazi ya mvua. Miaka kumi iliyopita angeuza mavuno ya viazi akaipata kwa jirani. Sasa anashindana na mtu wa mjini anayeitaka kwa starehe, na hamwezi. Simlaumu mzee kuuza kwa bei ya juu, miaka mingi mali ya mkulima imeuzwa kwa bei ya wengine. Namwomba tu, kabla ya picha kupanda mtandaoni, awaulize wa kijijini kwake kama yupo mwenye haja. Jirani akifika hata karibu na bei, mfikirie. Yeye ndiye atakayekubeba ukiugua usiku.

Habari ya kutuma pesa kabla ya kuona nitaipita haraka, maana kila mtu ameshaonywa. Hakuna "kishika nafasi" kwa namba ya simu ya mtu usiyemjua, hata kama jina linalotokea linafanana na la mwenye kadi. Picha za gari moja huchukuliwa na kuwekwa na matapeli kumi. Anayefanya hivyo anavunja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na wewe uliyetuma utabaki na risiti ya muamala. Ninyi mnaopiga picha, msiweke mtandaoni picha ya kadi yenye jina na anwani ya mzee, wala namba yake ya simu, bila yeye kuelewa zitaonwa na nani. Mzee aliyezoea simu mbili kwa wiki amewahi kupigiwa usiku kucha na watu wa mikoa asiyoijua.

Kadi ndiyo inayobaki, na ndipo familia zinapochanika. Magari mengi ya umri huu yana kadi yenye jina la marehemu. Baba alifariki, gari likabaki uani, mama yupo ndani, watoto wametawanyika Tunduma, Iringa, Dar. Zamani halikuwa na bei, kwa hiyo halikuwa na ugomvi. Siku picha moja inapopata watu mia wanaoulizia, kaka mkubwa anakuja na winchi kabla wenzake hawajaamka. Mali ya marehemu inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa familia nyingi za huku safari hiyo inaanzia Mahakama ya Mwanzo, baada ya kikao cha ukoo. Mnunuzi, ukikuta jina la kwenye kadi ni la mtu aliyezikwa, omba kuiona barua ya usimamizi, kisha muulize mama. Ndiyo, mama, hata kama kijana anakuhakikishia kwamba wameshaongea naye. Ukinunua bila kumuuliza, umenunua na machozi yake, na mahakamani unaweza kuambiwa ulirudishe.

Na ukishalipa, ukashuhudiwa na wakili, ukalipakia kwenye lori kuelekea Dar, bado hujamaliza na mzee. Kadi ina jina lake. Wanunuzi wengi wa magari ya kale wanaacha hivyo kwa miezi, wengine kwa miaka, wakingoja gari likarabatiwe kwanza au wakikwepa gharama za kuhamisha umiliki. Kwenye mfumo gari linabaki la mzee wa Kikondo: faini za barabarani zinahesabiwa kwenye namba za gari lake, na likigonga mtu Chalinze likakimbia, polisi wataanza na jina lililo kwenye kadi. Nenda TRA na mkataba wako ukabadilishe jina wiki hiyohiyo, kabla ya rangi, kabla ya matairi mapya. Kadi ikitoka, mtumie mzee nakala kupitia kwa yule dalali, na dalali aipeleke mwenyewe Kikondo, amsomee.